Kutoka kinu cha London hadi mteremko wa Ngomo: historia fupi ya ralanti



Wengi wenu mnanijua kama mtu wa mihogo na mahindi. Memwari yangu ya lisansi ilikuwa juu ya mbolea katika bonde la Ruzizi, haikuwa juu ya moteri. Kwa hiyo mtajiuliza: agronome anatafuta nini kwenye kofia ya gari? Jibu langu ni refu kidogo, na linaanza na kosa langu mwenyewe.

Tuko na gari moja la Kijapani la zamani, mimi na yaya wangu. Ndilo linapandisha nyanya na vitunguu kutoka bondeni hadi Bukavu, na kurudi na mama wachuuzi pamoja na makreti matupu. Mwaka uliopita, katika msimu wa mvua, maji yaliingia katika kalkilateri, lile sanduku la elektroniki linaloamuru esanse na moto wa bujii. Lilikufa. Tukatafuta la okazyo, tukaletewa mawili, yote mabovu. Mwishowe rafiki mmoja wa promosio, mtu wa informatiki, akasema: "Tuweke kalkilateri ya wazi, ile unaiunganisha kwa ordinateri na unaiandikia tabia yako mwenyewe." Tukakubali, juu bila gari hakuna soko.

Moteri iliwaka siku ya tatu. Nilijiona profesa. Kilichobaki ilikuwa ralanti tu, yaani moteri itulie yenyewe wakati mguu haukanyagi esanse. Nilifikiri ni kazi ya dakika kumi. Nikairekebisha uani, pale Uvira, ikatulia kwenye mizunguko 850 kwa dakika, nikafunga ordinateri.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunateremka Ngomo. Ninyi mliopita pale munaijua: ukuta wa mlima upande mmoja, upande mwingine ni hewa tupu. Yaya alikuwa kwenye volani, mama wawili nyuma. Tulishuka kwa vitesi ya pili, mguu nje ya esanse, vizuri tu. Karibu na kona akakanyaga ambreyaji abadilishe vitesi. Moteri ikazimika, tii, kama mshumaa. Volani ikawa nzito. Freni, baada ya kukanyagwa mara mbili, ikawa ngumu kama jiwe, juu nguvu ya msaada wa freni inatoka kwenye moteri inayozunguka. Mama mmoja akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Yaya aliachilia ambreyaji haraka, magurudumu yakaamsha moteri tena, tukapita kona. Hakuna aliyeumia. Lakini tulipofika Kamanyola yaya hakunisemesha, akashuka, akaenda kunywa maji peke yake.

Usiku ule sikulala. Nikaanza kusoma, si kitabu cha matumizi tu, bali historia yote ya jambo hili: nani alianza kuuliza namna gani mashini inaweza kujituliza? Nilichokuta ndicho nataka kuwapa leo.

Ilianza kwa wasaga unga

Kumbe swali lilianza kwa watu wetu, watu wa nafaka. Katika karne ya 18, wasaga unga wa Uingereza walitumia vinu vya upepo. Upepo ukizidi, jiwe linazunguka mbio, mawe mawili yanaachana, unga unatoka mbaya. Walibuni kifaa cha mipira miwili ya chuma inayozunguka pamoja na kinu. Mwendo ukipanda, mipira inafunguka na kupanda juu kwa nguvu ya mzunguko. Ikipanda, inavuta mkono unaorekebisha nafasi kati ya mawe. Mwaka 1787 Thomas Mead alipata hati ya ubunifu kwa kifaa cha namna hiyo.

Wakati huohuo James Watt na mshirika wake Matthew Boulton walikuwa wanauza mashini za mvuke. Mjini London kulikuwa na kinu kikubwa cha unga kilichoendeshwa kwa mvuke, Albion Mills, kilichofunguliwa mwaka 1786. Mwaka 1788 Boulton alikiona pale kile kifaa cha wasaga unga, akamwandikia Watt. Watt akakihamisha: badala ya kusogeza mawe, mipira ikafungua na kufunga vali ya mvuke. Mashini ikienda mbio, mipira inapanda na vali inafunga. Ikichoka, mipira inashuka na vali inafungua. Watt hakukiombea hati ya ubunifu, juu alijua si chake: kilikuwa tayari kinafanya kazi kwenye vinu. Albion Mills iliungua mwaka 1791, lakini mipira miwili ilibaki, ikazaa watoto duniani kote.

Nilisoma pale nikacheka peke yangu. Miaka yote watu wa fakilte ya ufundi wanatutania sisi wa agronomia. Kumbe regilateri, babu wa kila mashini inayojiongoza, ilitoka kwenye unga.

Mashini inayowinda

Lakini mipira ilikuja na ugonjwa wake. Kadiri mafundi walivyotengeneza regilateri nzuri zaidi, nyepesi, bila msuguano, ndivyo baadhi ya mashini zilivyoanza kuyumba: mwendo unapanda, unashuka, unapanda, bila kutulia. Waingereza waliita hali hiyo kuwinda, sawa vile mbwa anakimbia huku na huku akitafuta harufu. Hata George Airy, mwanaastronomia mkuu wa Greenwich, alikutana nayo: regilateri iliyopaswa kugeuza darubini yake polepole ilikuwa inaingia wazimu, naye akaandika hesabu juu yake mwaka 1840.

Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, yule wa umeme na sumaku, alitoa makala kuhusu regilateri. Alitenganisha aina mbili. Ya kwanza inasukuma kulingana na kosa la sasa: mwendo umezidi kidogo, inafunga kidogo, umezidi sana, inafunga sana. Hii haifikishi mwendo kwenye namba kamili, inabaki na tofauti kidogo kila mzigo unapobadilika. Ya pili inaendelea kusogeza vali mradi kosa lipo, hata likiwa dogo, mpaka kosa liishe. Hii inafika kamili, lakini ndiyo iko na hatari zaidi ya kuyumba. Maxwell alionyesha kwa hesabu sharti za kutoyumba. Baadaye Edward Routh kule Uingereza, na Ivan Vyshnegradsky kule Urusi, wakaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1870.

Kwa sisi wa bondeni mfano ni mfereji wa mpunga. Unafungua mlango wa maji, lakini maji yanachukua nusu saa kufika kwenye shamba la mwisho. Mkulima asiye na subira anaona kukavu, anafungua zaidi, anaona bado kukavu, anafungua tena. Maji yakifika, yanafika yote, shamba linazama. Anakimbia kufunga, kesho kukavu tena. Kosa lake si uvivu. Kosa lake ni kusahau kwamba maji iko njiani. Katika moteri, hewa ndiyo maji yetu: vali ikifunguka, bomba kubwa la hewa linajaa kwanza, kiisha silinda inavuta, kiisha ndiyo nguvu inaongezeka. Ukiongeza hewa kabla ya kusubiri, utawinda.

Mshika usukani

Mlango wa tatu ulifunguliwa baharini. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alitaka meli ijiongoze yenyewe. Alikaa akawaangalia mabaharia wanaoshika usukani. Aliona kwamba mshika usukani mzuri anafanya mambo matatu. Anaangalia meli imepotoka kiasi gani sasa. Anakumbuka kama imekuwa ikivutwa upande mmoja kwa muda mrefu, labda juu ya upepo. Na anahisi inageuka kwa kasi gani, ili aanze kurudisha usukani kabla ya kufika. Mwaka 1922 aliandika mambo hayo kwa hesabu, na mwaka 1923 yakajaribiwa kwenye meli ya kivita New Mexico. Jaribio lilikuwa zuri, lakini jeshi la maji halikukipokea kifaa. Mabaharia wenyewe hawakukipenda.

Sasa, kalkilateri nyingi za gari zinazotuliza ralanti zinabeba herufi tatu: P, I, D. P ni kosa la sasa. I ni kumbukumbu ya makosa yaliyopita. D ni kasi ya mabadiliko. Ni yule baharia, amekunjwa akatiwa ndani ya sanduku la plastiki. Na mwaka 1942 Wamarekani wawili, Ziegler na Nichols, walitoa njia rahisi ya kuchagua namba: anza na P peke yake, ipandishe mpaka mashini ianze kuyumba bila kukoma, kisha irudishe karibu nusu. Njia hiyo bado inafundishwa leo.

Zama za visi mbili

Kwenye magari historia ilikwenda polepole. Ford Model T ya 1908 ilikuwa na vijiti viwili chini ya volani: kimoja cha esanse, kingine cha avansi, yaani wakati wa moto wa bujii. Regilateri ilikuwa mkono wa shofere na sikio lake. Kiisha yakaja magari ya karbirateri ambayo baba zetu waliyajua, kama Peugeot 504. Pale ralanti ni visi mbili. Moja inazuia papiyo ya hewa isifunge kabisa, nyingine inapima esanse. Fundi anageuza robo ya mzunguko, anasikiliza, anageuza tena. Asubuhi yenye baridi unavuta stateri. Jua likipanda unairudisha.

Lililobadilisha mambo ni moshi. Marekani, na hasa California, ilianza kuweka sheria kali juu ya hewa chafu. Mwaka 1967 Bosch ilitoa D-Jetronic, injeksio ya elektroniki iliyowekwa kwenye Volkswagen 1600 kwa soko la Marekani. Haikuwa na programu yoyote, transista tu. Kwa asubuhi ya baridi ilikuwa na vali ndogo inayopitisha hewa kando ya papiyo na kujifunga yenyewe moteri ikipata joto. Mwaka 1979 ikaja Motronic kwenye BMW 732i, iliyounganisha esanse na avansi katika ubongo mmoja wa tarakimu. Katika miaka ya 1980 na 1990 vali ya kando ikapewa moteri ndogo ya umeme, na kalkilateri ikaanza kuiamuru mara nyingi kwa sekunde. Mipira ya Watt ikawa namba.

Ilikuwa maendeleo, sikatai. Lakini visi mbili zilipoondoka, kitu kingine kiliondoka nazo. Sanduku lilifungwa. Fundi wetu aliyejua kusikia moteri hakuwa tena na mahali pa kugeuza. Gari likiugua kichwani, anaambiwa "badilisha kalkilateri". Na sisi huku tunapokea magari yenye miaka ishirini na zaidi, wakati vichwa vyake havitengenezwi tena. Ni magari mangapi mmeyaona yameota nyasi nyuma ya garaji, moteri nzima, kichwa kimekufa?

Waliofungua sanduku

Wengine waliliona tatizo hilo mbele yetu. Australia, kampuni kama Haltech zilianza kutengeneza kalkilateri za kujiandikia tangu miaka ya 1980, hasa kwa magari ya mashindano. Lakini bei ilikuwa ya wakubwa. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt: ramani ya kadi, orodha ya vipande, na mtu anaunganisha mwenyewe kwa chuma cha kuchomea. Mwanzoni ilijua esanse tu. Avansi ilikuja baadaye. Kiisha yakatokea mengine, kama Speeduino ya Josh Stewart wa Australia, inayotumia kadi ya Arduino Mega, ileile wanafunzi wa informatiki wanatumia kuwashia taa katika TP zao. Programu yake iko wazi, kila mtu anaweza kuisoma mstari kwa mstari.

Ndiyo njia iliyoleta kadi yetu hadi Uvira. Na ndiyo njia iliyonipa mimi uhuru wa kufanya kosa.

Kosa langu lilikuwa wapi

Baada ya Ngomo nilirudi na fundi wetu, mzee mmoja aliyeanza kazi wakati wa karbirateri. Nilimwonyesha ekra na mistari yake. Akaisukuma pembeni.

"Mutoto, funga kwanza ile televizyo. Sikiya moteri. Iko inapumua kando."

"Kando wapi, Papa?"

Akabana bomba moja dogo la mpira kwa vidole, mwendo ukashuka. Bomba lilikuwa limepasuka, linavuta hewa ya wizi. Nilikuwa nimeandika namba zangu zote juu ya bomba bovu! Somo la kwanza: usitengeneze kwa programu kile kinachotengenezwa kwa bomba jipya.

Kiisha tukaanza upya, kwa mpangilio. Tulifunga avansi kwenye digrii 12 na kuihakikisha kwa taa kwenye puli, juu ekra inaweza kusema 12 na chuma kikasema 8. Tukalainisha jedwali la esanse kati ya mizunguko 600 na 1200, ili moteri ikiyumba kidogo isikute jirani mwenye namba tofauti kabisa. Tukaandika ufunguzi wa vali kulingana na joto la maji: moteri baridi, lengo 1200, moteri moto, 850. Yote haya bila PID. Mzee alisisitiza: moteri itulie karibu kabisa bila msaada, kiisha ndiyo umpe baharia usukani.

P tukaipandisha mpaka ikawinda, tukairudisha nusu. I kidogo sana. D karibu na sifuri. Na hapa nikajifunza siri nzuri: avansi. Kwenye mizunguko 850, moteri ya silinda nne inawaka mara 1700 kwa dakika, zaidi ya mara 28 kwa sekunde. Hewa inachelewa, lakini moto wa bujii ukibadilishwa, silinda inayofuata inausikia mara moja. Kwa hiyo mwendo ukishuka, tunaongeza digrii chache, ukipanda, tunapunguza. Avansi inashika yumba ndogo za haraka, vali ya hewa inashughulikia mizigo ya polepole: taa, feni, baridi ya asubuhi.

Lakini Ngomo? Jibu lilikuwa kwa Maxwell na regilateri yake ya pili. Tulipokuwa tunateremka, mguu nje ya esanse, magurudumu ndiyo yalikuwa yanazungusha moteri, labda 1800. Kalkilateri iliona papiyo imefungwa, ikadhani tuko ralanti. Lengo 850, iko 1800: hewa imezidi! Ikafunga vali kidogo. Bado 1800. Ikafunga tena. Herufi I, ile kumbukumbu, ikaendelea kujaza kosa dakika nzima, sawa na mkulima wa mfereji, mpaka vali ikafungwa yote. Yaya alipokanyaga ambreyaji, magurudumu yaliachana na moteri, na moteri ikajikuta bila pumzi.

Dawa ilikuwa mistari michache. Sharti la kwanza: usianze kujituliza mpaka mwendo uwe chini ya 1100. Sharti la pili: ukiingia, sahau makosa ya zamani, anza na namba ya jedwali. Sharti la tatu: papiyo ikifungwa ghafla, acha vali wazi zaidi kwanza, kiisha ishuke polepole, ili moteri itue kama ndege. Tukajaribu mahali pa tambarare, mara arobaini. Kiisha tukapanda hadi Bukavu bila abiria, juu ziwa Kivu liko kwenye meta karibu 1460 na Tanganyika 773 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, vali inapaswa kufunguka zaidi kutoa pumzi ileile. Kule tukaongeza kidogo. Na kushuka Ngomo, yaya alikanyaga ambreyaji kwenye kila nafasi salama. Moteri ilishuka, ikagusa 800, ikarudi 850. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema: "Sasa unaweza kuita mama."

Ninachowaomba

Nilipomweleza mzee habari ya Minorsky, namna alivyokaa akawaangalia mabaharia, alicheka. "Alifanya vizuri. Wasomi wengi wanakuja hapa kutuonyesha. Mwenye kukuja kuangalia ni mumoja mumoja."

Hilo liliniuma, juu mimi pia nilikuja kuonyesha. Nilijaribu uani, kwenye ardhi sawa, nikapeleka watu wawili wasiojua chochote kwenye mteremko ili wawe majaribio yangu. Mama mmoja kati yao ni jirani. Nilikwenda kumwomba msamaha na kumweleza ukweli. Alinyamaza muda, kiisha akauliza: "Sasa ile ordinateri inajua kama kuko batu ndani?" Sikupata jibu. Haijui. Anayepaswa kujua ni yule anayeiandika.

Kwa hiyo, bandugu: sanduku likifunguliwa, lifungueni. Msiseme "si fakilte yangu", juu hata regilateri ya Watt ilitoka kwa wasaga unga. Lakini kabla ya kuandika namba, nendeni mkabane bomba pamoja na mzee. Na kabla ya kupakia watu, jaribuni kwenye mteremko wenyewe, peke yenu.

Mwenye gari lililolala juu ya kalkilateri, aniandikie. Jumamosi tuko garajini kwa mzee. Kuja na masikio.